Mzaliwa wa Kakuma Anayewapokonya Waaustralia Mpira Hewani: Hii Ndio Rada ya Futaa Yao

Buda, shika hili jina: Aliir Aliir. Ni mara mbili kweli, macho yako hayana shida. Huyu jamaa alihamia Port Adelaide mwisho wa 2020, timu ya ligi kuu ya futaa ya Australia, ile wanaita AFL. Ni mrefu karibu mita 2. Kazi yake ni kuruka juu ya wasee wengine na kuchuna mpira hewani kama embe la jirani. Mwaka 2021 alichaguliwa kwa timu bora ya msimu ya ligi nzima. Na alizaliwa wapi? Kakuma, Turkana, mwaka 1994.

Wewe wa Matisi, Kakuma si mbali hivyo. Ingia steji pale Kitale, pita Kapenguria, teremka mpaka Lodwar, vumilia tena kidogo, umefika. Ni kama kilomita 400 na hupotei, ju barabara ni hiyo hiyo moja. Lakini wengi wetu tunajua jina la beki wa akiba wa Arsenal na hatumjui huyu wa hapa juu tu.

Leo tumcheki vizuri. Hatuendi kwa stori ya huruma, tunaenda kwa mpira. Ukielewa kazi yenye Aliir hufanya, umeelewa mchezo wao wote. Halafu utaona kitu kuhusu sisi pia.

Kila kocha wa futaa ya Australia hujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: nikipoteza mpira, nataka kuupotezea wapi? Kaa na hilo swali, tunaenda nalo mpaka mwisho.

SHERIA, HARAKA HARAKA

Mpira ni wa umbo la yai, kama wa raga. Uwanja nao ni wa yai, na ni mkubwa vibaya: urefu kati ya mita 135 na 185, upana mita 110 mpaka 155. Uwanja wa soka wa kawaida ni mita 105 kwa 68, kwa hivyo hapo ndani unaingiza viwili na nafasi inabaki. Kila timu ina watu 18. Hakuna ofsaidi. Straika akitaka kusimama mbele ya goli la wapinzani kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuna wa kumpigia filimbi.

Hakuna kurusha mpira kwa mkono. Unaupiga teke, ama unaushika kwa mkono mmoja na kuugonga kwa ngumi ya ule mwingine umfikie mwenzako. Ukikimbia nao, lazima uudundishe ama uugusishe nyasi kila mita 15. Ukibanwa ukiwa ulikuwa na nafasi nzuri ya kuuachilia na hukuuachilia, adui anapewa.

Kila upande kuna milingoti 4. Ukipiga teke lipite kati ya ile miwili mirefu ya katikati, ni pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, ama ukigonga mlingoti mrefu, ni pointi 1, halafu timu iliyofungwa ndiyo inaanzisha mpira kutoka golini kwake. Hiyo pointi 1 usiidharau. Kuna timu iliitumia ikachukua kombe.

Sheria kubwa kuliko zote inaitwa maki. Ukidaka mpira uliotoka kwa teke na umesafiri angalau mita 15 bila kuguswa na mtu, ni wako. Hakuna mtu ataruhusiwa kukuangusha. Unarudi hatua kadhaa, unapumua, unacheki mbele, unapiga. Na hapa ndio utamu: haijalishi teke limetoka kwa nani. Ukidaka la mwenzako, sawa. Ukidaka la adui, bado ni wako.

Sasa umeanza kuona mbona beki mrefu mwenye macho ya mwewe ni mtu wa bei.

NJIA TANO ZA KUTOKA NYUMBANI

Chukulia uko nyuma, karibu na goli lako, na mpira uko kwa mkono. Mbele yako kuna mita 150. Mguu mzuri unafika mita 50 hivi. Kwa hivyo unahitaji kama mateke matatu ufike kwao. Unapitia wapi?

Ya kwanza ni katikati. Ndio fupi, na ikifunguka unafika ukiwa umekaa uso kwa uso na milingoti. Shida ni kwamba wenzako wameshatawanyika kukimbilia mbele. Ukipoteza mpira hapo, adui anapata uwanja mtupu na goli wazi. Ni kama kumwachia mwizi funguo na umwambie TV iko chumba gani.

Ya pili ni pembeni, kufuata laini. Ni ndefu, na unafika ukiwa kwa pembe mbaya ya kupiga. Lakini ukipoteza, mara nyingi mpira unatoka nje, na wenzako wamepata muda wa kujipanga. Hasara ipo, ila inakuja polepole.

Ya tatu ni kugeuza upande. Unavuta adui wote waje kulia, halafu kwa mateke mawili ya haraka mpira uko kushoto. Hakuna binadamu anakimbia upana wa mita 130 kushinda mpira. Lakini yale mateke ya kugeuza yanakatiza mbele ya goli lako mwenyewe. Likidakwa moja, umekwisha.

Ya nne ni kuweka mpira mfukoni. Mateke ya mita 15, mita 20, kila mtu anapata maki, hakuna wa kukugusa. Unaua saa, unamchosha mtu akili. Bei yake ni kwamba unampa adui muda wa kurudi nyuma na kujaza watu golini.

Ya tano ni fujo iliyopangwa. Gonga ngumi mbele, piga teke mbele, hata ukianguka, bora mpira unaenda mbele. Richmond, chini ya kocha Damien Hardwick, walicheza hivi 2017 na wakawachapa Adelaide 108-60 kwa fainali. Walikuwa hawajashinda kombe tangu 1980, miaka 37 ya njaa. Hesabu yao ilikuwa rahisi: hata tukipoteza, tutapoteza kule kwao, na tutakuwa wengi pale wa kuupokonya tena kabla hawajainua kichwa.

Cheki vizuri. Hizo njia tano zote zinajibu lile swali moja. Hakuna kocha huko anasema "hatutapoteza mpira". Mpira wa yai unadunda vile unataka, lazima utapotea. Kocha mjanja anachagua mahali.

TIMU ILIYOPEANA POINTI IKACHUKUA KOMBE

Ukitaka kuona mtu amelijibu hilo swali bila haya, rudi kwa fainali ya 2008. Geelong walikuwa moto wa kuotea mbali. Msimu wa kawaida walicheza mechi 22 na kupoteza 1 pekee. Walikuwa wanatoka nyuma kwa ngumi na mbio, katikati ya uwanja, hakuna wa kuwashika. Upande ule mwingine kulikuwa na Hawthorn ya kocha Alastair Clarkson.

Clarkson alifanya mambo mawili. La kwanza, aliwaambia watu wake waache kushikana na mtu mmoja mmoja. Kila mchezaji alinde eneo, na hao wote wasonge pamoja kama wavu kufuata mpira. Ukitaka kupita katikati, unakutana na ukuta. Hiyo ndio zoni, na baada ya hapo ligi nzima ilianza kuwaza vingine.

La pili ndio lilileta kelele. Kumbuka kwamba mpira ukipita golini bila kuwa goli kamili ni pointi 1, na timu iliyofungwa inapata mpira. Wasee wa Hawthorn wakibanwa karibu na goli lao, walikuwa wanaupeleka wenyewe ndani. Kwa hiari. Pointi 1 kwa Geelong, sawa, lakini mpira unarudi kwetu, tumetulia, tunaanza upya. Mara 11 kwa fainali moja!

Angalia matokeo: Hawthorn magoli 18 na pointi moja moja 7, jumla 115. Geelong magoli 11 na pointi moja moja 23, jumla 89. Geelong walipata alama mara 34, Hawthorn mara 25, na bado kombe likaenda kwa Hawthorn. Mwaka uliofuata ligi ikabadilisha sheria, ukifanya hivyo makusudi bila kubanwa unaadhibiwa. Lakini ujumbe ulikuwa umefika: pointi 1 ni bei nafuu kuliko kupoteza mpira mahali pabaya.

Usidhani hesabu huwa inaegemea upande mmoja tu. Fainali ya 2023, Brisbane walifunga magoli 13 na Collingwood 12. Lakini Collingwood walikuwa na zile za moja moja 18 na Brisbane 8. Mwisho wa siku ni 90 kwa 86, kombe kwa Collingwood. Kukaa karibu na goli la mtu, hata ukikosa kosa, kunaweza kukulipa.

ALIIR ANAINGILIA WAPI

Turudi kwa mtu wetu. Kwenye zoni, beki wa kawaida anakaa na straika wake. Beki kama Aliir anafanya kitu kinaweza kukutoa jasho ukiwa kocha: anamwacha. Anamtazama yule mwenye mpira mita 60 huko mbele. Anasoma bega, anasoma mguu, anaona presha iliyo juu yake. Akijua kwamba jamaa hana njia ila kupiga mrefu na kuomba Mungu, tayari ameshaanza kukimbia kuelekea mahali mpira utatua.

Akiudaka, mambo mawili yanatokea kwa sekunde moja. Shambulio limekufa. Na adui wote waliokuwa wamekimbia mbele kusaidia sasa wako upande mbaya, migongo iko nje. Aliir ana maki, hawezi kuguswa, na mbele yake kuna watu wake wamebaki bila mlinzi. Mtu anayeitwa beki ndiye ameanzisha shambulio.

Ndio maana nasema kazi yake ni kusoma. Urefu unasaidia, lakini warefu wako wengi. Ukienda kama umechelewa nusu sekunde, yule straika uliyemwacha yuko peke yake na ni pointi 6. Mchezo wote uko kwa ule uamuzi: niende ama nibaki?

Na ana dawa yake pia. Dawa ya beki kama huyu ni kutompa ule mpira mrefu wa hewani. Unamtumia mtu wa kumbana asiruke, ama unapiga mateke ya chini na makali yanayomfikia straika kifuani, ama unatoa mpira kwa ngumi na mbio kabla zoni haijajipanga. Mwaka huo huo wa 2021 Port Adelaide walifika nusu fainali wakiwa nyumbani, na Western Bulldogs wakawapiga 116-45. Ukikosa kuweka presha juu ya mwenye mpira kule mbele, yeye hapigi kwa kubahatisha, na beki wa kusoma anakosa cha kusoma. Kumbe kazi ya Aliir inaanzia miguuni mwa wenzake walio mita 80 mbali naye.

HII INATUHUSU NINI SISI WA SOKA?

Inatuhusu sana. Kumbuka CHAN ya Agosti 2025. Tarehe 10 tuko Kasarani na Morocco. Ryan Ogam anafunga dakika ya 42, halafu Chrispine Erambo anakula kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili tuko 10, na tukashinda 1-0. Tulifanyaje? Benni McCarthy hakuomba vijana wawe na mpira. Waliachia Morocco mpira mahali hauwezi kuwaumiza, wakafunga katikati, wakalinda maeneo. Clarkson angeangalia ile mechi akatabasamu.

Halafu tarehe 22 tukakutana na Madagascar kwa robo fainali. Tukatangulia kupitia kwa Alphonce Omija, wakasawazisha kwa penalti, na wakatutoa kwa mikwaju 4-3. Kulinda tulikuwa tumejifunza. Kitu tulikosa ni ile njia ya nne, kuweka mpira mfukoni ukiwa unaongoza, na ile ya kwanza, kummaliza mtu katikati akiwa amefunguka kukufuata. Zoni bila njia ya kutoka ni kungoja tu.

Shuka sasa mpaka mtaani. Hapa Kitale hatukosi vipaji, shule ya St. Anthony's, wale Solidarity Boys, inajulikana Kenya nzima kwa soka. Lakini enda uwanja wowote wa vumbi jioni. Mtoto akiwa mrefu, anaambiwa nini? "Wewe simama nyuma, ukiupata, bonda mbele!" Amekwisha kupangiwa maisha. Hakuna mtu anamwambia aangalie bega la mwenye mpira. Hakuna mtu anamuuliza: ukibonda mbele, nani yuko kule chini kugombania ukidondoka? Teke refu halina ubaya, Richmond walichukua kombe nalo. Teke refu bila watu wa kulifuata ndio ujinga.

MPIRA TULIOPOTEZA GOLINI KWETU

Kuna upotezaji mwingine, na huu hauko uwanjani.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992 wakati watu walikuwa wanakimbia vita ya Sudan. Aliir alizaliwa hapo, akakaa mpaka akawa kama wa miaka 8, familia ikapelekwa Australia. Huko ndiko alikutana na huu mchezo. Sydney Swans walimchukua kwa uteuzi wa 2013, akiwa chaguo la 44, na akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu 2016.

Si yeye pekee. Awer Mabil alizaliwa Kakuma 1995 na kujifunzia soka pale kwa vumbi. Juni 2022, Al Rayyan, Australia na Peru wanapigania tiketi ya Kombe la Dunia kwa penalti. Mabil akafunga yake, Australia ikaenda Qatar. Sisi tulikuwa tunaangalia kwa kibanda.

Sasa kuna watu watasema, "Hao si Wakenya." Kwa karatasi, ni kweli. Katiba yetu inakupa uraia wa kuzaliwa ukiwa mama ama baba ni Mkenya. Kuzaliwa kwa ardhi hii peke yake haitoshi. Na kwa miaka mingi mkimbizi akitaka kutoka nje ya kambi ilibidi awe na karatasi ya ruhusa. Kwa hivyo kijana wa Kakuma mwenye miguu ya dhahabu hangeweza tu kuamka, aingie gari, aje Kitale kujaribu bahati yake kwa timu ya shule ama klabu. Barabara iko, gari liko, ruhusa ndio ngori.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ule wa kugeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe miji yenye wakimbizi na wenyeji wanaishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka huo huo mgao wa chakula ulipunguzwa na watu wakaandamana Kakuma. Unaona hali? Upande mmoja karatasi nzuri, upande mwingine sahani inapungua. Mtoto mwenye njaa hafanyi mazoezi, hata ukimjengea uwanja wa MCG mlangoni.

Sisemi kila mtoto wa kambi ni Aliir. Wengi hawatacheza popote, kama tu wengi wa Matisi hawatacheza popote. Nasema hivi: tuko na watu zaidi ya laki mbili kwa barabara moja na sisi, wengi wao vijana, na sisi tumekaa kama timu isiyo na mpango. Mpira unapita mbele ya goli letu, mtu wa ng'ambo anaudaka, na sisi tunapiga makofi kwa TV.

Australia haikuwa na uchawi. Ilimpa kijana makaratasi, shule, uwanja, na kocha wa kumwambia "soma mchezo". Vitu vinne. Viwili kati ya hivyo, uwanja na kocha, kaunti inaweza kuanza navyo kesho, kwa mtoto wa Kakuma na wa Matisi pia. Mashindano ya vijana ya Trans Nzoia, Pokot Magharibi na Turkana, na timu ya kambi iwe ndani, ni mafuta ya basi na siku chache za ratiba.

Wikendi hii ukienda kucheki mechi mtaani, fanya kitu kimoja. Usifuate mpira. Chagua beki mmoja, mtazame dakika 10 nzima. Anaangalia nini? Anahama kabla ya teke ama baada? Halafu hesabu timu yako imepoteza mpira mara ngapi mbele ya goli lake yenyewe. Ukipata jibu, mwambie kocha. Atakasirika kidogo, lakini atajua unabonga ukweli.